Gari ya Bujumbura inangoja mukeke

Hakuna mtu wa Dar aliyejifunza kungoja upesi kama mimi. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, ilinichukua mlo mmoja tu. Niliagiza mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa hili, na nje gari ya mwisho ya Bujumbura ilishajaa abiria. Mama mchomaji akapepea makaa taratibu, kama anambembeleza mtoto.

“Mama, fanya haraka, gari itaniacha!”

“Itakuacha namna gani, papa?” Akaelekeza kidevu kwa bwana aliyevua viatu pale kwenye kona. “Dereva iko pale. Na yeye anangoja mukeke.”

Dereva akanipungia mkono. “Amahoro, ndugu! Kaa. Wako utafuata wangu.”

Siku hizi nikiwa na safari siulizi gari inaondoka saa ngapi. Nauliza dereva ameagiza nini.