Boti Bila Kasia

Ufukweni kwetu Uvira kuna sheria ambayo haikuandikwa na ofisi yoyote: fundi akishafungua moteri ya boti na kuifunga tena, yeye ndiye abiria wa kwanza. Anakaa nyuma, karibu na kazi yake, na makasia yote yanaachwa mchangani. Moteri ikizimika huko mbali, mtakaa mkitazamana mpaka boti nyingine iwahurumie, na wewe fundi utachekwa sokoni wiki nzima. Mimi naipenda sheria hiyo. Fundi anayetaka kasia haiamini kazi yake.

Zamani nilikuwa ofisini. Nilikaa mapokezi katika shirika moja, nimevaa viatu vya kisigino, nikiwaambia watu wasubiri. Mshahara haukuchelewa hata mara moja. Mama yangu anauza mchele wa Lubarika katika vijiji vya kando ya ziwa kusini mwa mji, anakokwenda kwa boti, na siku zile hakukutana na jirani hapa mtaani Kilibula bila kumkumbusha: "Mutoto wangu iko mu biro," yaani ofisini.

Lakini kila mapumziko ya mchana nilikuwa nateremka ufukweni kwa mjomba wangu, fundi wa moteri. Nilikula mhogo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika spana. Moteri iliyokufa ikikohoa, ikakohoa tena, halafu ikaitika, mwili wangu wote ulikuwa unacheka. Kule ofisini hakuna kilichowahi kunichekesha hivyo.

Siku niliyoacha kazi, mama alilia kama tumefiwa.

"Minye niliuza muchele juu weye usome," alisema. "Sasa unaenda kujipakaa mafuta pamoja na wanaume?"

"Mama, kule nilikuwa nasinzia tu."

"Basi ungesinzia! Si walikuwa wanakulipa?"

Sifichi, mwanzo ulikuwa wa njaa. Wateja walimwuliza mjomba kama huyu dada anashika tochi tu, naye akacheka, akaniachia moteri nzima peke yangu. Nilipanda bila kasia, nikarudi. Nikapanda tena, nikarudi. Leo wako makapteni wanaompita mjomba bila hata salamu na kuja moja kwa moja kwangu. Najivuna? Ndiyo, najivuna sana, wala sioni haya.

Ila mama. Mama hajui kuogelea, na kabla ya kukanyaga boti yoyote ana maswali mawili: kasia iko wapi, na moteri alitengeneza nani. Akisikia ni mimi, alikuwa anasubiri boti nyingine. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Mwaka huu, asubuhi moja ya siku ya soko, boti anayosafiri nayo kila mara ilikataa kuwaka. Boti nyingine zilikuwa zimekwisha kuondoka, na magunia yake yamelala mchangani. Niliitwa mimi. Alisimama chini ya mwavuli wake akinitazama mikono mpaka nilipofunga skrubu ya mwisho. Kapteni akatupa makasia mchangani, mimi nikapanda nyuma kwenda kuijaribu.

"Nani alitengeneza?" mama akauliza, kana kwamba alikuwa amelala muda wote ule.

"Minye, mama."

Akafunga mwavuli. Akakaza kitenge chake, akaingia majini mpaka magotini, akapanda, akaketi kando yangu. Kapteni aliogopa kumbeba mama wa watu bila kitu, akakimbia kuokota kasia.

"Rudisha ile kasia," mama akamwambia. "Ya nini?"

Nikavuta kamba. Moteri ikaitika mara ya kwanza. Tulikwenda mbali, mama amenishika mkono wenye mafuta, amekaza macho mbele, midomo ikisali. Ndipo tukapishana na boti iliyojaa wanawake wa sokoni, wenzake wa siku nyingi. Mama akaacha sala, akasimama, yeye anayeogopa maji, akapaza sauti kuishinda moteri:

"Mutoto wangu iko fundi!"