Gauni Lisilo na Akiba

Zamani mgonjwa aliletewa supu na mtu aliyekaa mpaka bakuli likaisha. Siku hizi anatumiwa kwenye simu mikono miwili ya njano iliyoshikana, na aliyeituma hakumbuki jioni aliituma kwa nani.

Binti mmoja, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, alipokea mikono hiyo mia na kumi wiki ile alipoambiwa ana saratani ya tezi za limfu. Alimwonyesha mjomba wake kwenye simu, kwa fahari kidogo. Mjomba, naye fundi cherehani, mzee aliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia nguo za wateja, alivaa miwani akatazama kwa makini.

"Mikono yote hii," akasema, "na beseni lako la kutapikia bado analiosha mama yako peke yake?"

"Watu wana kazi zao, Mjomba."

"Naiona kazi yao."

Mzee alimpa binti jina la Chapuchapu. Walishona katika chumba kimoja, cherehani ya mzee ya kukanyaga kwa miguu ikiwa dirishani, ya binti ya umeme mlangoni, penye wateja. Chapuchapu alikata gauni asubuhi, na mchana lilikuwa limeshavaliwa. Ugomvi wao wa kila siku ulikuwa akiba, yaani kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mshono ili nguo ipanuliwe mwenyewe akinenepa. Mzee aliacha vidole viwili. Chapuchapu aliacha nusu kidole.

"Wateja wanataka nguo iwakamate, Mjomba. Wewe unawashonea mito."

"Na wakinenepa?"

"Watashona nyingine."

"Haya. Dunia nzima siku hizi imekatwa hivyo hivyo. Ikibana kidogo, inatupwa."

Daktari alipanga dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Kabla ya ile ya kwanza, Chapuchapu alijishonea gauni la kijani la kuvaa siku ya mwisho, lililombana kama ganda la ndizi, akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake. Chini yake aliandika tarehe ukutani kwa chaki ya fundi. Mzee alitikisa kichwa: hata ugonjwa umepangiwa siku ya kuchukuliwa, kama sketi ya mteja.

Dripu nne zilipita. Nywele zilipoanza kudondoka, alizikata mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa, akacheka, akasema ameokoa hela za msusi. Ya tano ndiyo iliyomtia kwenye kona. Nesi alisoma karatasi ya vipimo, akairudisha mezani.

"Chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, zimeshuka. Ukiwekewa dawa leo, mafua tu yatakulaza. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata akarudi na homa, akalazwa siku tisa. Alipotoka, akaenda kupima mara ya tatu. Zilikuwa bado chini.

"Mwili hauna akiba, dada," nesi akamwambia, bila kujua anaongea mbele ya nani. "Tuupe muda."

Mzee, aliyekuwa kwenye benchi, aliinua macho kwenye dari na kuuma ulimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

"Sema tu, Mjomba," Chapuchapu akamwambia.

"Sijasema kitu."

"Mdomo umeufunga, nyusi zinaongea."

Mchana huo nyumbani akaja shangazi, na mkoba, na marashi, na kilemba cha ukoka cha kumvika mgonjwa. "Wewe ni shujaa! Pigana, mwanangu, pigana!" Alipiga naye picha, akaisambaza kabla hajainuka kitini.

"Nipigane vipi, Shangazi? Si umesikia askari wangu wameshuka?"

Shangazi alicheka, akatazama saa, akaondoka. Aliacha harufu tu.

Ndipo Chapuchapu akatungua lile gauni akalijaribu. Vidonge vya hospitali vilikuwa vimemvimbisha, uso umekuwa duara kama sahani. Gauni liligoma kiunoni. Akalivuta kwa nguvu, mshono wa ubavuni ukapasuka. Hakulia kwa nywele, wala kwa homa. Siku hiyo alikaa sakafuni akalia mpaka kwikwi zikamzidi. Kisha akaifuta tarehe ukutani kwa kiganja.

"Alhamisi siendi kupima tena. Niende wakanirudishe mara ya nne? Mama, usinibembeleze."

Daktari alikwisha kusema wazi kwamba kuacha katikati ni kuufungulia ugonjwa mlango. Mama alimtazama mzee. "Kaka, zungumza naye. Mimi nimeishiwa."

Mzee aliliokota gauni, akaligeuza ndani nje, akalipeleka kwenye mwanga.

"Nani alishona hili?"

"Mjomba, niache."

"Nataka nimjue tu, nisije nikampelekea kitambaa changu. Nusu kidole! Hata panya angebakiza zaidi."

Chapuchapu alicheka bila kutaka, akakasirika kwa kucheka. Mzee alishinda akifumua. Kitambaa cha kijani hakikuwapo tena, kwa hiyo akakata cha kahawia, cha suruali, akatia kipande cha upana wa kiganja kila ubavu. Lilikuwa baya, na alijua.

"Hili ni gauni au pazia?"

"Ni gauni la mtu ambaye mwili wake haujaamua."

"Na nikivimba zaidi?"

"Nafasi ipo. Nimeacha vidole vitatu."

"Na wakinirudisha?"

Mzee alitafuta tundu la sindano kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Unarudi nalo. Wiki nyingine unalivaa tena. Limeshonwa kwa kazi hiyo."

Alhamisi akaenda nalo, nao wakamrudisha. Alifika nyumbani, akakaa kwenye cherehani, akapindia mapazia mawili ya mteja. Alhamisi iliyofuata akalivaa tena, akawekewa dripu ya tano. Ya sita nayo ilichelewa wiki mbili. Ukutani hakuandika kitu.

Miezi minane baadaye, vipimo vikiwa safi, alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo katika mji mwingine. Mahali pa kushona mkono mmoja tu wa shati siku nzima hapakuwa pa fundi, mzee alisema. Pale mtu hushona kola mpaka anastaafu. Lakini alimbebea cherehani hadi kituo cha basi. Uvimbe ulikuwa umekwisha, nywele zimeota fupi, na Chapuchapu alivaa lile gauni, alilolipunguza mwenyewe. Ubavuni lilikuwa na tuta nene la kitambaa, kama mtu aliyeficha kamba. Mteja yeyote angelirudisha.

Mzee alilibonyeza kwa kidole kimoja. Vidole vitatu vyote vilikuwa humo ndani, Chapuchapu hakuvikata.

"Linakuchubua?"

"Linanichubua sana, Mjomba," akasema, akapanda. Mzee hakumwona tena.