Jibu Lililonihamisha Dawati

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ingawa ukiniuliza mwaka nitakuchanganya, nami nijichanganye zaidi. Ilikuwa baada ya uhuru, katika shule yetu nje kidogo ya mji wa Nyeri. Jana ulinipigia simu kutoka Kerugoya ukilalamika kwamba ninyi walimu mmefanyiwa semina ya matokeo ya ujifunzaji na hatua za kufikiri, na umetoka huko huelewi chochote. Usione haya. Mimi hayo mambo yalinikuta nikiwa mtoto, na karibu yanitoe shuleni.

Darasani tulikaa kwa namba. Mtihani ukiisha, wenye namba za kwanza walikaa mbele, na wa mwisho walisukumwa nyuma karibu na mlango, upepo wa mlimani ukiwapiga. Mimi nilikuwa wa mbele, na ilinibidi. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa asiyependa kurudia maneno, na alikuwa amesema siku nikikaa nyuma atanipeleka Wang'uru kwa shangazi, nikafukuze ndege kwenye mpunga. Hakuwa anatisha bure. Dada yangu Muthoni alikuwa tayari huko, kwa sababu ya hilo hilo dawati la nyuma.

Basi tukaletewa Mwalimu Wambui, msichana tu, katoka chuoni juzi. Akachora ngazi ubaoni. Kipandio cha chini kabisa, alisema, ni jibu la mtu ambaye hata swali hajalielewa. Cha pili ni jibu lenye jambo moja. Cha tatu lina mambo mengi, lakini kila moja liko kivyake, kama maharagwe yaliyomwagika. Cha nne, mambo hayo yameshikana. Cha juu, umeyachukua ukayatumia mahali pengine kabisa. Sisi tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu," kama desturi yetu ilivyokuwa, na hakuna aliyekuwa ameelewa.

Akauliza kwa nini mpunga unalimwa Wang'uru na si kwetu. Nikainua mkono upesi. "Kwa sababu kule kuna maji."

"Kipandio cha pili," akasema kwa upole. Rafiki yangu Njoki akataja maji, joto na udongo mweusi, akapewa cha tatu.

Nilivunjika moyo, mwanangu. Cha pili kutoka chini! Wakati wa mapumziko nikabeba mkoba wangu nikahamia nyuma. Njoki naye akahamia katikati. Wengine wakafuata, kila mmoja akitafuta kipandio chake, hata mwalimu aliporudi akakuta darasa zima limehama.

"Nani amekuhamisha?" akaniuliza.

"Ni jibu langu, mwalimu."

Alitueleza mpaka chaki ikamwishia mkononi kwamba ngazi ni ya majibu, si ya watu. Alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Kama jibu ni langu, na liko chini, mimi niko wapi? Wenzangu wakarudi mahali pao. Mimi nikang'ang'ania nyuma, nimeshika ukingo wa dawati, nikimuwaza Muthoni na ndege wake.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Kesho yake baba akaingia darasani, kofia mkononi.

"Huyu namchukua," akasema. "Mtoto wa dawati hii ya nyuma hana kazi shuleni."

Mwalimu Wambui hakubishana naye. Akamvutia kiti. "Mzee, kabla hujaenda naye, nisaidie kidogo. Kwa nini hatulimi mpunga hapa kwetu?"

"Huku ni baridi. Hata mtoto anajua hiyo."

"Hilo ni jambo moja," akasema, akatia alama ya chaki kwenye kipandio cha pili.

Baba yangu, mzee wa kanisa, kawekwa pale pale nilipowekwa mimi! Nilitamani kuingia chini ya dawati.

"Ati mimi ni wa hapo chini?" baba akauliza.

"Si wewe, mzee. Ni hilo jibu. Na maji je? Si hapa pia tunayo?"

Baba akakuna kidevu. Nilidhani ataondoka, lakini akaanza kusema polepole. "Tunayo, lakini hayakai. Shamba zetu ni mteremko, mvua ikinyesha yanakimbilia mtoni. Kule ni tambarare. Yanasimama, jua linayapasha moto, na mpunga unapenda kusimama ndani ya maji ya moto moto hivyo." Akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu aliyesikia mwingine akiongea.

Mwalimu akasogeza alama hadi kipandio cha nne. "Na mzee ni yule yule," akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Basi kahawa yetu ikipelekwa Wang'uru," nikasema kule nyuma, "itaoza mizizi."

Mwalimu alikitazama kipandio cha juu kabisa, lakini hakuna aliyetia chaki popote. Baba alinitazama, akalitazama dawati, akavaa kofia. "Kaa hapo ulipo," akaniambia, "mradi uulizwe." Akaenda zake.

Wang'uru haikutajwa tena nyumbani. Kahawa ilipokwisha kuchumwa, baba alikwenda huko peke yake, bila kumweleza mtu, akarudi na Muthoni, huyo mama mkubwa wako.

Mpaka leo mambo mengi hunichanganya, na ukiniuliza kuhusu hiyo semina yenu huenda nikabaki kipandio cha chini. Lakini hili nalijua. Mtoto asipandishwe ngazi wala asishushwe. Pima jibu lake la leo, kisha muulize tena. Akikupa jambo moja, muulize lingine. Akikupa mengi, muulize yanashikana vipi. Usimwache na alama akaidhani ni jina lake.

Nenda kafundishe, mwanangu. Mungu akupe moyo usiochoka kuuliza, na mtoto wa nyuma kabisa alitaje jina lako kwa wema hata nywele zake zikiwa nyeupe.