Meseji za Daktari Asiyekuwepo

Mkurugenzi alikuwa na tabia ya kula nyama choma juu ya meza ya kazi, kisha anafuta vidole kwenye fomu za wafugaji. Fomu hizo zilikuwa na jina, kijiji, namba ya simu, na alama ya dole gumba kwa wale wasioandika. Mimi ndiye niliyeziingiza kwenye kompyuta, na nilikuwa nazishika pembeni kwa ncha za vidole, nikikwepa mafuta. Nikiulizwa leo kilichonikera katika kazi ile, yale mafuta ndiyo yanayonijia kwanza. Mengine yanafuata.

Ofisi yetu ilikuwa Katesh, vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watu wazima walikuwa wakisema "sisi wa Arusha", halafu wanajisahihisha. Minara ya simu ilikuwa imefika mpaka Balangdalalu, na wafugaji wa Kibarabaig walianza kutembea na simu shingoni, wakichajisha siku ya mnada. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeacha mambo mengi. Majosho ya zamani yalikauka, dawa zikawa za maduka ya watu binafsi, na mabwana mifugo wengi walipunguzwa kazini. Ng'ombe akiugua huko Gehandu, mwenye ng'ombe alibaki na Mungu wake na muuza duka.

Mkurugenzi aliona nafasi hapo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, amesoma mjini, amerudi na suti mbili na maneno mengi. Wazo lake lilikuwa zuri, lazima niliseme hilo. Mfugaji aandike meseji kueleza dalili za ugonjwa, apate jibu la mtaalamu kwenye simu yake. Niliposikia, nilitoka kijijini kwetu Daudi, Mbulu, na cheti changu cha kompyuta nikaenda kuomba kazi. Alinichukua siku hiyohiyo. Baadaye nilielewa kuwa sababu kubwa haikuwa cheti. Nililelewa miaka saba kwa shangazi yangu aliyeolewa Balangdalalu, kwa hiyo mimi Mwiraqw nilizungumza Kibarabaig kama watoto wa pale.

Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu. Mzee ndiye aliyekuwa daktari wetu. Alisoma kila meseji kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akauliza maswali, akapiga simu, na mara nyingi akasema, "Hii siwezi kujibu nikiwa hapa. Lazima nikamwone huyo mnyama." Basi anachukua koti lake anaondoka. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitika marahaba akiwa tayari ana kalamu mkononi.

Kampuni ilikuwa na pikipiki moja, iliyonunuliwa kwa ajili ya mzee. Mkurugenzi aliifanya yake. Alikwenda nayo kuangalia nyumba aliyokuwa anajenga, alikwenda nayo kunywa, na mzee akawa anasubiri lori la mchanga barabarani ili afike kwa mgonjwa. Siku moja alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akamkuta Mkurugenzi amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ameweka miguu mezani.

"Mzee, umechelewa kikao cha maono," Mkurugenzi akasema.

Kikao cha maono kilikuwa kila Jumatatu. Tulisimama watu wawili mbele ya bango ukutani lenye maneno kama uadilifu na ubunifu, naye anatuhutubia kama tuko uwanjani.

"Nilikuwa kwa ng'ombe," mzee akajibu.

"Hilo ndilo tatizo lako. Sisi ni kampuni ya teknolojia. Wewe unafanya kazi kama bado uko serikalini."

Mzee akavua miwani akaipangusa vumbi. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka hapo. Niliinama kwenye kompyuta nikajifanya naandika. Hata sasa nikikumbuka shingo yangu ilivyoinama, nachukia.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliniita peke yangu. Alitaka niandike programu ya kujibu meseji yenyewe. Neno "kuhara" likiingia, litoke jibu la kuhara. Neno "kikohozi", jibu la kikohozi. Majibu tutayatoa kwenye daftari la mzee. Nilimuuliza itakuwaje dalili zikichanganyika.

"Wewe andika. Tutarekebisha mbele ya safari."

Niliandika. Tena niliandika kwa furaha, maana ilikuwa programu yangu ya kwanza kubwa, na ilipojibu meseji ya majaribio nilijipiga kofi pajani. Mzee alipoiona alisimama nyuma yangu akasoma majibu yote.

"Na kimeta?" akauliza. "Kimeta hakijibiwi na daftari. Hicho kinaua ng'ombe ghafla na kumwambukiza anayemla; lazima mtu aende."

Nilimwambia Mkurugenzi. Akasema kimeta hakijaonekana kwa miaka mingi na tusiwatishe watu. Mwisho wa mwezi alimwambia mzee hakuna tena haja ya huduma yake. Alimwambia akiwa mlangoni, akijibu simu nyingine, kwa mkono akimwonyesha asubiri. Mzee alisubiri amalize simu ili afukuzwe vizuri. Kisha akachukua koti.

Nilichodhani ni kwamba tutaacha kusaini meseji kwa neno "Daktari". Mkurugenzi alikataa.

"Watu wanaliamini hilo neno. Liache."

Basi kwa miezi mitano wafugaji wa wilaya yetu ya Hanang walikuwa wanaandikiana na daktari ambaye hayupo. Walimshukuru. Walimwombea. Mmoja alimwalika kwenye harusi ya binti yake. Mkurugenzi alikuwa ananiomba nimsomee zile za shukrani kwa sauti huku anatafuna, halafu anazinakili kwenye taarifa za wafadhili wetu wa ng'ambo.

Asubuhi moja simu yangu iliita. Alikuwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Binti yangu, niko Gehandu, watu wameniita. Nina simu ya watu mkononi mwangu. Nataka nikusomee kitu, uniambie nani amekiandika."

Akasoma. Familia moja ilikuwa imeandika: ng'ombe amekufa ghafla, damu imetoka puani, tumbo limevimba, tufanyeje. Jibu lilifika dakika hiyohiyo: "Mpe ng'ombe nusu lita ya mafuta ya kula. Mtembeze polepole. Daktari."

Nilijua ni nani. Programu ililiona neno "tumbo" na neno "limevimba", ikatoa jibu la tumbo kujaa gesi. Haikuwa na habari kwamba ng'ombe amekufa. Mimi sikuwahi kuifundisha neno "amekufa".

"Walicheka," mzee akasema. "Mzoga utatembezwaje? Lakini baadaye wakasema, kama daktari ametaja mafuta, basi ni tumbo la kawaida. Wakamchuna. Wakala."

Nilikwenda siku hiyo kwa gari la mnadani, bila ruhusa. Kwenye boma la familia ile nilikuta watu wanne wana homa. Mama mwenye boma, mwanamke mrefu wa makamo, ndiye aliyeshika kisu wakati wa kuchuna. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na juu ya kifundo kulikuwa na kidonda cheusi kabisa, kama kipande cha mkaa kilichobandikwa kwenye ngozi. Nilimwamkia kwa lugha yao. Aliniangalia, akaniuliza ni binti wa nani, nikamtaja shangazi. Akafurahi. Aliamuru niletewe maziwa.

Nilishindwa kuyanywa. Mkwewe, aliyekuwa ameandika ile meseji, alinionyesha simu kama vile labda mimi nitaona kitu ambacho yeye hakukiona.

"Nilikosea kuandika?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Hukukosea."

Mzee alikuwa ameshaita watu wa idara ya mifugo ya wilaya. Mabaki ya mzoga yalichomwa na kufukiwa, ng'ombe waliobaki walichanjwa, na wagonjwa walipelekwa hospitali. Walipona wote. Mama alikaa wodini muda mrefu kuliko wengine, na vidole vyake viwili havikurudi kukunjika.

Nilirudi ofisini nikamweleza Mkurugenzi kila kitu. Alisikiliza akiwa anajisafisha meno kwa njiti.

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usipaniki." Alifikiri kidogo, halafu uso wake ukabadilika. Nilidhani dhamiri imemgusa. "Unajua tumepata nini hapa? Mlipuko wa kimeta, na meseji ya kwanza ilikuja kwetu. Kabla ya serikali! Una tarehe na saa yake kwenye kompyuta?"

"Ninazo. Na jibu letu pia lipo."

"Jibu lifute," akasema. "Acha meseji yao."

Sikulifuta. Wala sikumwambia kuwa sikulifuta.

Wafadhili walikuja baada ya wiki sita, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mkalimani wao wa Kiingereza kutoka Dar es Salaam. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikakodishwa, soda zikaletwa. Mkurugenzi alituma gari kumchukua yule mama Gehandu, na alipofika alimvalisha fulana ya kampuni juu ya nguo zake za ngozi. Mwenyewe alimnyooshea fulana mabegani, akarudi nyuma kumtazama, kama mtu anayepanga bidhaa dukani. Kisha akanivuta pembeni.

"Wewe utamtafsiria kwa Kiswahili. Atasema lugha yake, wewe sema tulichokubaliana. Aliandika, tukagundua, akapona. Maneno matatu."

"Na akisema vingine?"

"Nani atajua?"

Alipopewa nafasi, mama alisimama. Hakuwa na haraka. Alisalimu, akashukuru kwa gari, kisha akaanza kueleza tangu ng'ombe alipoanguka. Aliposema "tulimuuliza daktari", alinitazama ili nitafsiri. Nilitafsiri. Nilisema kama alivyosema: kwamba daktari aliwaambia wampe mafuta ng'ombe aliyekufa, kwamba walicheka, kwamba walimwamini, kwamba walikula. Mama akainua mkono, akajaribu kufunga ngumi ili waone vidole visivyokunjika. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Yule mwanamke mgeni aliacha kuandika. Nikadhani sasa ukweli umetoka.

Mkurugenzi alisimama akicheka, akiwa ameshika kipaza sauti.

"Samahani, wageni wetu. Huyu dada yetu ni Mwiraqw wa milimani huko Mbulu. Kibarabaig chake ni cha kuokoteza. Mama anasema mwanzoni walijaribu mafuta, dawa za kienyeji, mnajua mambo yetu, mpaka walipotutumia meseji." Akamwekea mama mkono begani. "Na leo yuko hai!"

Mkalimani wa Dar es Salaam aliyaweka hayo kwenye Kiingereza. Nyuso za wageni zikalegea. Niliona jinsi walivyotaka kuamini, jinsi walivyoshukuru kupewa njia ya kuamini. Wakapiga makofi. Mmoja akaomba apige picha ya mkono.

Mama aliinama kwangu. "Kwa nini wanashangilia?" akauliza kwa lugha yake.

"Sijui la kukuambia, mama," nikamjibu. Nilijua kabisa.

Nilimsindikiza kwenye gari. Alivua ile fulana, akaikunja vizuri, akanipa. Nilimwambia hapo, nikiwa nimeshika mlango wa gari, kwamba ile programu niliandika mimi. Nilitaka anitukane. Akavuta hewa puani, halafu akasema, "Basi usiandike nyingine kama hiyo." Dereva akawasha gari.

Sikungoja wageni waondoke. Niliingia ndani, nikafuta majibu yote ya daftari moja baada ya jingine, nikaacha moja tu: "Hapa hakuna daktari. Mtafute bwana mifugo wa kata yako." Nilichapa meseji ile ya Gehandu pamoja na jibu letu, karatasi tatu, nikaziweka mapajani mwa yule mwanamke mgeni nilipopita uani. Sijui alizifanyia nini. Sikupata kusikia lolote, na kampuni iliendelea kuwa na ofisi Katesh kwa mwaka mwingine mzima, ikiwa na picha ya ule mkono ukutani. Walioiona ndio walioniambia.

Nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alikuwa analima nyuma ya nyumba yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akiegemea jembe.

"Mimi nilikuwa na hasira na wewe kuliko na yeye," akasema. "Yeye hakujua kimeta ni nini. Wewe nilikwambia."

Akaniruhusu nimsaidie kubeba boksi la chanjo msimu ule, katika kata za Hanang alikoitwa.

Baadaye nilirudi Daudi. Tulikuwa tunachambua vitunguu saumu vya mbegu, mimi na mama yangu mzazi, meseji ilipoingia kutoka kwa Mkurugenzi. Alikuwa anahitaji mtu wa kurekebisha programu, kijana aliyemwajiri ameshindwa. Aliandika: "Yaliyopita yamepita. Nimekusamehe. Rudi tujenge."

Mama aliniuliza ni nani. Nikamsomea.

"Amekusamehe nini?" akauliza.

Nilijaribu kumweleza, nikaona mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nikatoka nje nikatema mate chini, nikakaa kwenye jiwe la kunolea mpaka mama akaniita nikamalize vitunguu.