Sahani Zilizorudi Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipika pilau. Nawaambia mapema ili mcheke kwanza, kisha tuendelee. Nilikuwa nimetoka Majengo, Meru, nyumbani kwa baba yangu aliyekuwa mchinjaji, nikaenda Embu kwa kuwa klabu moja ya mpira ilitafuta mpishi. Nilijua kupikia watu wengi kwa njia moja tu, nayo ni njia ya arusi. Asubuhi ya mechi nikatia samli, nikatia nyama ya kidari yenye mafuta, nikawapakulia wachezaji ishirini na wawili mpaka wakalegeza mikanda. Alasiri wawili walitapika uwanjani, na beki wa kulia alikimbia kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji.

Mechi ilipokwisha Kocha Mkuu alikuja jikoni. Alikuwa mtu wa Manyatta, mwalimu wa zamani, mpole wa sauti. Alifunua sufuria, akanusa, akafunika.

"Mama Zuhura," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu kama walivyoniita wote, "hii chakula ni tamu sana. Lakini nikuulize. Unataka hawa vijana wakimbie ama waoe?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza. Mpishi wa timu hapikii ulimi, anapikia miguu. Siku ya mechi wachezaji hula muda wa saa tatu kabla ya kuingia uwanjani, na hula wanga, yaani wali mweupe, viazi au ugali laini, kwa sababu wanga ndio kuni za misuli. Nyama huwa kidogo, mafuta karibu hakuna. Githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ambayo ndiyo raha ya watu wa huku, hailiwi kabisa, maana maharagwe yana maneno mengi tumboni mpaka kipindi cha pili. Mechi ikiisha, kabla jasho halijakauka, nawapa maji yenye chumvi na sukari, kisha uji wa wimbi. Jumatatu ndipo mbuzi huchinjwa.

Mbuzi wa Jumatatu alikuwa na sheria zake. Watu wa Embu na Meru hawagawi nyama ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu mzima kipande cha mtoto umemtukana bila kufungua mdomo. Klabuni kwetu ini lilikuwa la mfungaji wa bao. Nililikaanga kwa kitunguu na kumpelekea mwenyewe mbele ya wenzake, nao wakipiga meza. Kama hakuna aliyefunga, ini liliingia kwenye mchuzi na hakuna aliyelitaja.

Sasa kuna jambo lililonisumbua tangu msimu wa kwanza. Tulikuwa timu ndogo, lakini vigogo wa Nairobi wakija kwetu Jumapili tuliwapiga, na mji mzima ukasimama. Kisha Jumatano tunakutana na timu ya mkiani, timu ambayo hata nyanya yangu angeifunga, na tunalala mabao mawili. Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Mara ya tatu nikaanza kuuliza. Mwenyekiti alisema ni majivuno. Mashabiki walisema kuna kitu kimefukiwa golini. Meneja wa Timu alisema mpira unadunda. Kila mtu alikuwa na jibu, na mimi nikabaki na swali langu jikoni nikiosha sahani.

Basi nikiwa naziosha nikaona kitu. Baada ya mechi ya kawaida, sahani za Jumatatu na Jumanne hurudi nyeupe. Baada ya mechi kubwa zilirudi na nusu ya ugali, na wengine waliuficha chini ya sukuma wiki ili nisiwaone. Kwanza nilidhani wameshiba. Tukishinda mechi kubwa vijana walipandishwa pikapu wakazungushwa, Manyatta mpaka Siakago, kila duka soda, kila boma sahani. Lakini siku moja tukatoka sare na kigogo, sare ambayo hakuna aliyeisherehekea, na Jumanne ugali ukarudi vilevile. Nikajua si shibe.

Mimi ni Muislamu, nafunga. Kuna siku za Ramadhani unazofanya kazi nzito juani, na adhana ya magharibi ikilia tende na maji vinapita, chakula hakipiti. Tumbo lina njaa lakini mwili umechoka mno kula. Nikawaza, huenda na hawa ndivyo walivyo.

Nilimwambia Kocha Mkuu. Hakunicheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Wangapi?" akauliza.

"Saba. Na beki wako wa kushoto ameacha hata nyama."

Akakuna kidevu. "Nikiwauliza wananiambia wako sawa."

"Hata mimi huniambia hivyo."

Na ni kweli. Katika miaka yote ya kazi yangu niliwauliza wachezaji "Umechoka?" mara zisizohesabika, na sikuwahi kupata jibu jingine isipokuwa "Niko sawa, mathe." Mathe ndiyo mama kwa lugha yao ya mtaani. Mtu anachechemea, macho yameingia ndani, yuko sawa.

Tangu siku ile, kila baada ya mechi kubwa Kocha alipita jikoni Jumanne kabla ya kuandika majina. "Sahani zinasemaje?" Nami nikamwambia. Aliwapumzisha watatu au wanne na kuingiza waliokuwa benchi. Wenye ujuzi huita jambo hilo kuzungusha kikosi, nao wana sababu zao: misuli iliyokimbia kwa nguvu zote huwa na vidonda vidogo visivyoonekana, na siku tatu haziviponyi. Mimi nilijua habari za ugali tu. Lakini tukaanza kuokota pointi za Jumatano.

Ningependa kuishia hapo mkaniona hodari. Bahati mbaya wachezaji si wajinga. Walijua ni nani anayesoma sahani.

Kiungo wetu wa kati aliitwa Mutwiri, kijana wa Maua, mwembamba, ambaye kabla ya mpira alikuwa akipakia mabunda ya miraa kwenye pikapu kwa mwendo wa kukimbia. Alijivunia mapafu yake. "Mtu wa Maua hachoki, mathe," alikuwa akinitania. "Nyinyi watu wa town ndio mnachoka mkipanda ngazi." Nyuma ya utani huo ilikuwako hofu ambayo wachezaji wote wanayo. Ukipumzishwa, mwenzako anaingia, anafunga bao, na nafasi yako imekwenda. Kwao kupumzishwa ni kufukuzwa kwa adabu. Nimeona wanaume wenye ndevu wakisomewa majina, wasisikie lao, wakaenda kujificha chooni.

Mwaka mmoja tuliwapiga vigogo Jumapili, na Mutwiri alikimbia kuliko wote. Jumatatu sahani yake ilirudi safi, imepanguswa. Nikafurahi, nikamsifu mbele ya wenzake.

Pale uwanjani palikuwa na mbwa ambaye wachezaji walimwita Refa, kwa kuwa alipenda kukimbia katikati ya mchezo bila kugusa mpira. Mimi na mbwa hatugusani, lakini naye ni kiumbe wa Mungu, na kila baada ya chakula nilimrushia mifupa nikiwa mlangoni. Jumanne ile Refa alinusa mfupa, akalala. Nikashangaa. Mbwa wa uwanjani kukataa mfupa? Siku nyingine ningelisahau jambo hilo, lakini udadisi ni ugonjwa wangu, nikazunguka nyuma ya jiko. Nikamkuta Mutwiri amechutama kando ya ua, akikwangua ugali wa sahani yake chini. Karibu naye kulikuwa na nyama ambayo hata Refa alikuwa ameshindwa kuimaliza.

"Mutwiri, umechoka?"

"Niko sawa, mathe."

Alisimama, na nikaona ameshika ukuta.

"Mathe, please, usinichome kwa kocha," akasema. "Kesho kuna scout wa timu kubwa anatoka Nairobi. Anakuja kuniona mimi. Nikikaa bench hatarudi huku tena."

"Na huo mguu?"

"Kisigino inavuta asubuhi tu. Ikipata joto inaisha."

Nilimtazama. Nilimfikiria mama yake kule Maua, anavyongoja. Nikafikiria pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba mimi ni mpishi tu, nani kanituma kuziba riziki ya mtoto wa watu? Kocha alipopita kuuliza sahani zinasemaje, nilimtajia watatu. Akaniuliza, "Na Mutwiri?" Nikasema sahani ya Mutwiri imerudi safi. Haikuwa uongo, na ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatano, kipindi cha pili, Mutwiri alianza kuukimbilia mpira, hakuna mtu karibu naye. Ghafla akasimama, akageuka nyuma kwa hasira kuangalia nani amempiga teke. Hapakuwa na mtu. Kisha akaanguka. Mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ulikuwa umekatika wenyewe. Daktari alitueleza baadaye kwamba wengi hugeuka hivyo, wakidhani wamepigwa. Mimi nilikuwa kando ya uwanja na ndoo yangu ya maji ya chumvi. Bado namwona akigeuka.

Hakucheza tena mpira wa ligi. Sikumwambia Kocha nililolijua, wala Mutwiri hakusema. Nilimaliza msimu, nikarudi Meru.

Meru nilipata kazi kwenye timu nyingine. Kocha Mkuu wa huko alikuwa kijana mwenye vyeti, na wachezaji wake walivaa vikoti vya kubana vyenye kidude cha kupima mtu amekimbia kiasi gani. Yeye alisoma uchovu kwenye kompyuta. Nilipenda kuketi naye nikilinganisha mistari yake na sahani zangu, nikimuuliza maswali mpaka anaangalia saa. Mara nyingi tulikubaliana. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kompyuta haikuliweza.

"Mama Zuhura, mimi najua nani anafaa ku-rest," aliniambia siku moja. "Shida ni yeye mwenyewe. Jana mmoja ametoa hiyo kidude akavalisha mwenzake wa bench."

Nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu nilimkumbuka Refa. Kisha nikamkumbuka mwenye sahani, nikaacha kucheka.

"Niachie ini," nikamwambia.

"Ini?"

"Jumatatu hii ini si la mfungaji. Ni la yule utakayempumzisha. Na atapakuliwa kabla ya wote, kabla yako wewe."

Alidhani natania. Jumatatu nikakaanga ini, nikalipeleka mbele ya wote kwa beki mmoja aliyekuwa amenuna kwenye kona, nikasema kwa sauti kwamba hapa kwetu aliyepumzishwa hula kwanza. Hakuna aliyepiga meza. Mfungaji alilitazama lile ini kama mke mkubwa anavyomtazama bi arusi. Lakini beki alikula. Wiki iliyofuata meza ilipigwa kidogo, na kufikia katikati ya msimu walikuwa wakitaniana wenyewe, wewe wiki hii ni wa ini. Sisemi waliacha kuogopa benchi, ila walilikalia wakiwa wameinua kichwa. Na nyinyi mnaofundisha timu siku hizi, wenye mashine nzuri kuliko zetu, nawaomba mkumbuke kwamba mchezaji hafichi uchovu kwa sababu ni mwongo. Anauficha kwa sababu hamjampa mahali pa heshima pa kuuweka.

Mwaka jana magoti yangu yaligoma. Uongozi uliniita, ukanishukuru, ukaniambia sasa nipumzike. Neno hilo nimewapelekea wengine miaka mingi. Siku lilipogeukia kwangu nilielewa kwa nini wanaume wenye ndevu hujificha chooni. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Waliniandalia chakula cha mchana cha kuniaga, pale pale uwanjani. Watu walikuwa bado wanatafuta viti nilipomwona mtu anatoka jikoni na sahani iliyofunikwa, akichechemea kidogo. Alikuwa Mutwiri. Anaishi Siakago sasa, anafundisha watoto wa shule ya msingi mpira. Hatukuwa tumeonana tangu Embu.

"Mutwiri," nikasema kabla hajaketi, "siku ile nilipaswa kumwambia Kocha. Nilijua, nikanyamaza."

"Ni mimi nilikuomba, mathe."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mtu mzima nilikuwa mimi."

Alivuta kiti, akaketi. Hakuniambia kwamba haidhuru, nami namshukuru kwa hilo.

"Nilikukasirikia miaka mbili hivi," akasema. "Halafu nikaanza kufunza watoto. Wananidanganya kila siku, niko sawa mwalimu, niko sawa. Sasa lunch naenda kuangalia sahani zao."

Akafunua ile aliyoishika. Lilikuwa ini, limekaangwa kwa kitunguu, limekauka kidogo kuliko ambavyo ningelikausha mimi, na sukuma wiki kando. Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa amepakuliwa.

"Nimeambiwa hapa ndiyo sheria," akasema.

Nikala. Nilipofika nusu mkono ukasimama, halikupita tena. Nikaanza kukisukuma kilichobaki chini ya sukuma wiki, taratibu, kama walivyofanya wao miaka yote. Nilipoinua macho Mutwiri alikuwa anaitazama sahani.

"Umechoka, mathe?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa niko sawa. Nikamtazama mguu.

"Nimechoka, mwanangu," nikasema.

Akaichukua sahani, akaenda nayo jikoni kuiosha.