Upindo wa Vidole Vinne

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, Jumatatu ya kufungua shule, mwanamke aliingia katika duka letu la ushonaji pale Kianjai akiwa amemshika bintiye mkono. Gauni la shule la mtoto lilikuwa limepanda juu ya magoti.

"Fundi, teremsha upindo. Mama yako huteremsha bure."

Nilipindua gauni. Upindo ulikuwa wa kidole kimoja. Niliukata mwenyewe.

Kwa miaka yote mama yangu aliacha upindo wa vidole vinne. Mtoto akirefuka, mzazi alirudi, mama akaufumua na kuushona upya bila malipo. Mzazi huyo akisubiri, mara nyingi aliagiza na sare ya mdogo wa mtoto huyo. Hilo sikulitilia maanani. Nilikuwa nimejifunza biashara peke yangu, kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua Embu mjini, na mama aliponiachia duka nilipima kila kitambaa kwa miezi mitatu. Niliamua kwamba upindo ni kitambaa kinacholala bila faida. Nikaupunguza bila kumwambia. Kwa kuwa vidole vyake vingeutambua hata macho yakishindwa, nilimtengea mashati tu, atie vifungo.

"Sasa nimwambie mtoto aache kukua?" mwanamke akauliza. "Hata za kiwandani pale sokoni zina upindo kushinda hii!"

Mama yangu, aliyekuwa akitia vifungo pembeni, akaweka shati chini. "Lete."

Alipitisha kidole gumba kwenye upindo, mzunguko mzima, polepole. Hakunitazama.

"Makosa ni yangu, mama," akamwambia yule mwanamke. "Macho yameisha. Nilikata vibaya."

"Aki pole, mama," mwanamke akajibu, sauti imeshuka.

Nilikuwa nimesimama pale, futi ya kupimia shingoni, umri wangu miaka arobaini na saba. 

Wiki hiyo walikuja wazazi wengine, na kila mmoja mama alimwambia maneno yaleyale. Tulikata vipande kutoka jora jipya, tukaunga chini ya magauni bure, na kiungo kilionekana wazi. Habari ikaenea kwamba mama amezeeka, hawezi kazi. Shule mbili zilizokuwa zikituagiza tangu nikiwa mdogo zilihamia kwa fundi wa Muthara. Watu walinipa pole kwa ajili ya mama yangu, nami nilizipokea. Mpaka leo sijamsahihisha hata mmoja.

Ijumaa jioni, tukifunika mashine kwa turubai, ndipo alipozungumza nami. Huniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

"Baba, kile kitambaa. Uliokoa pesa ngapi?"

Niliijua hesabu kwa kichwa, lakini nilifungua daftari ili nisimtazame usoni, nikamsomea: shilingi elfu tisa, mia nne na sitini.