Mguu Mmoja Alfajiri

Harufu ya sakafu iliyosiribwa kwa samadi mbichi hunirudisha, popote nilipo, katika boma la nyanya yangu karibu na Mumias, msimu ule alipoanguka akitoka kisimani. Tulimwita Kukhu. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu siku hiyo alitembea akishika kuta, na baba akaanza kusema atamhamishia kwetu mjini, Amalemba. Kukhu hakutaka kuliacha kaburi la mumewe. Hospitalini walimwonyesha mazoezi ya kuipa miguu uthabiti: asimame kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika, kisha atembee kisigino kikigusa vidole, kila siku. Aliona haya kutazamwa, kwa hiyo akawa anaamka kabla ya majirani, anasimama nyuma ya nyumba, mkono kwenye nguzo ya ghala, leso imekazwa kiunoni, nami, niliyeachwa kwake nimwangalie, nimekaa kizingitini tayari kumdaka.

Haya hiyo ndiyo iliyotuponza. Kwetu, mzee anayeonekana kwenye giza la alfajiri akifanya mambo yasiyoeleweka huitwa mchawi, na wapo waliochomewa nyumba kwa tuhuma tu. Ndama wa jirani yetu Makokha alipokufa, watu waliacha kutusalimu kisimani. Binti yake akaniuliza mbele ya wenzetu, "Kukhu yako anasimamanga na mguu moja akiita nani?" Nilirudi mbio nikamsihi Kukhu aache.

"Nikiacha nitaanguka," akasema. "Nikianguka, baba yako atanibeba kama gunia."

Siku iliyofuata hakwenda nyuma ya nyumba. Alingoja jua litoke, akavuta kiti hadi uani, mkabala na njia, akainua mguu. Makokha akatokea kwenye miwa na wanaume wengine, panga mkononi, mamake mzee akijikokota nyuma yao.

"Mama, hiyo ni nini unafanyanga?"

"Karibuni. Ngojeni nimalize wa kushoto." Mguu ulitetemeka. Nilijua akianguka mbele yao, hakuna atakayemwinua. "Ni dawa ya hospitali. Ya kutoanguka."

"Dawa gani haimezwi?"

"Jaribu basi, kijana. Bila kushika."

Makokha hakujaribu. Mamake ndiye aliyempita, akashika mgongo wa kiti. "Mimi naangukanga hapo chooni, Makokha, na hata fimbo hujanichongea," akasema, akainua mguu wake. Mwanamume mmoja akacheka kwa pua. Makokha akalitazama panga lake kana kwamba amesahau alilibeba la nini, akaondoka. Minong'ono haikuisha, lakini hakuna aliyerudi na panga, na Kukhu alibaki kwake.

Nimehama miji mingi tangu hapo, sijui kukaa. Juzi nilipita Amalemba nikakuta wazee kwenye uwanja wa kanisa, wameshika viti vya plastiki, wakiinua miguu kwa filimbi ya msichana mmoja. "Wewe Mama Timina, hiyo si kuinua, hiyo ni kukanyaga!" mzee mmoja akamtania mwenzake, wakacheka wote. Waendesha boda boda walipita bila kugeuza shingo. Nilisimama pale mpaka wakamaliza, na katika uwanja wote ule, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitazama lango, nisije nikaona panga likiingia.